Minyoo Waliokula Uji wa Mzazi

Jua la Gachoka si la mchezo. Mwezi wa pili kuku wa huko hutaga mayai yaliyokwisha kuiva, mwenye kuku akabaki kutafuta chumvi tu, na mjusi havuki barabara mpaka ajifunge majani miguuni. Kwa hiyo siku ile pikapu iliposimama mbele ya kibanda cha cherehani cha Wambeti, na kaka yake Nyamu akashuka amekumbatia sanduku la kioo lililojaa maji, watu waliacha biashara zao wakakimbilia pale na mitungi.

"Maji ni ya kuuza?" mmoja aliuliza.

"Yana wenyewe," Nyamu akajibu akihema. "Ndani kuna bwana na bibi."

Nyamu alikuwa dereva wa hoteli moja mjini Embu. Hoteli ilipata mwenyewe mpya, na huyo mwenyewe akasema pale mapokezi anataka televisheni, hataki samaki wa kutazamwa tu bila kuliwa. Akamwambia Nyamu amwage. Nyamu alifika mpaka kwenye mtaro, akawaangalia wale samaki wawili, nao wakamwangalia, na moyo ukamkataa. Akakumbuka ana dada anayekaa peke yake.

Wambeti alikuwa na miaka hamsini na saba. Alijulikana kutoka Gachoka mpaka Kiritiri kwa majoho ya kwaya, na walisema mshono wake ukivaliwa na mtu asiyejua kuimba, sauti inamtoka yenyewe. Mume alimfia miaka kumi na miwili iliyopita. Mtoto hakujaliwa. Na kwa sababu huko mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, huyu Mama Njuki, yule Mama Mutegi, jina la Wambeti lilikuwa limesimama peke yake miaka hiyo yote, kama kigingi ambacho mbuzi wake hajanunuliwa.

Lakini hakuna nyumba yenye mtoto mchanga ambayo Wambeti hakuingia. Kwa Wambeere mtu haendi kumwona mtoto mikono mitupu. Mzazi anapelekewa uji wa mawele, anapelekewa njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, anapelekewa kuni, na mtoto mwenyewe anawekewa kitu mkononi hata kama mkono bado haujui kushika. Wambeti alikuwa amebeba vibuyu vya uji hivyo miaka thelathini na zaidi. Ukivipanga kimoja juu ya kingine unapanda unafika Kilimanjaro, unaikuta imeinama kukupokea. Cha kurudi kwake hakikuwahi kuja. Angerudishiwa kwa mtoto gani?

Basi sanduku likawekwa juu ya meza, kando ya cherehani. Jike alikuwa wa kijivu, mnene kidogo, asiye na maringo. Dume alikuwa na mkia wa rangi zote, kama mtu aliyeiba kipande kwenye kila jora la kitenge. Nyamu alisema wanaitwa gapi. Wambeti akaenda mtoni akaleta majani ya majini, akawapandia bustani. Wazee wawili waliopita waliguna, maana zamani huko samaki alihesabiwa ni binamu wa nyoka, na binamu wa nyoka hukai naye chumba kimoja. Wambeti akawaambia, "Huyu hana hata meno. Nyinyi mna meno na bado nawakaribisha."

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, Wambeti alikuwa anapiga pindo la sketi alipoona jike amejibanza kwenye kona. Alikuwa anatetemeka. Halafu kikatoka kitu chembamba kama ukope. Ukope wenye macho! Ukajikunjua, ukaenda zake. Ukatoka mwingine.

Sindano ilishona hewa. Wambeti alijua samaki hutaga mayai. Huyu alikuwa anazaa hivihivi, kama mbuzi, ila mbuzi hazai mmoja baada ya mwingine mpaka sketi nzima inakwisha kushonwa. Akampigia Nyamu simu.

"Anazaa, Nyamu! Nifanye nini? Niite mkunga?"

"Mtoe mama!" Nyamu alipiga kelele. "Mtoe na baba pia, waweke kwenye ndoo! Hao hula watoto wao!"

Wambeti akawatoa kwa kichujio cha chai. Kisha akavuta kigoda, akavaa miwani, akahesabu. Mara ya kwanza alipata thelathini na tisa, mara ya pili arobaini na tano, mara ya tatu akaanza kuwahesabu kwa kuwanyooshea sindano mmoja mmoja kama mwalimu, na hapo wakatimia arobaini na watatu. Wote wazima.

Aliyefika kwanza kuwaona ni Mama Njuki, rafiki yake na jirani, mwenyekiti wa chama chao cha akina mama. Mama Njuki alikuwa na kifua cha kubeba gunia na sauti ya kulirudisha. Alikuwa amekuja kujaribu gauni.

"Wambeti! Umezaa na hukuniambia!"

"Nilikuwa na haya," Wambeti akasema.

"Arobaini na watatu kwa mpigo! Na mimi niliyezaa mmoja mmoja nikadhani nimefanya kazi!"

Wakacheka mpaka Mama Njuki akakaa juu ya vitambaa vilivyopasiwa. Lakini kesho yake asubuhi alirudi, na safari hii hakuja kujaribu gauni. Alikuwa amebeba kibuyu kichwani. Uji wa Mama Njuki ulikuwa uji; kuku aliweza kuvuka juu yake kutoka ukingo mmoja hadi wa pili asilowe unyoya.

"Mzazi yuko wapi?" aliuliza mlangoni, kwa sauti ileile inayotumiwa kwenye nyumba ya mtoto wa kweli.

Ulikuwa mzaha. Wote wawili walijua ni mzaha. Lakini Wambeti alipopokea kile kibuyu, alikishika kwa mikono miwili, hakukiweka chini upesi. Hakuna kibuyu kilichowahi kuvuka kizingiti kile kikija kwake.

Mama Njuki akachota uji kwa ncha ya kidole, akaudondosha ndani ya kioo. "Kuleni, wajukuu. Mtoto ni mashavu."

Siku ya tatu, wanawake wote wa chama walikuwa wamepata habari. Walikuja wawili wawili, na kila mmoja na chake: huyu kiini cha yai, huyu ndengu zilizopondwa, huyu punje za ugali. Mama Mutegi alileta njahi, akawatafunia kwanza, kwa sababu watoto hawana meno. Walikaa, walisimulia uchungu wao wa kuzaa, ambao wakati huo kila mmoja ulikuwa umechukua siku tano na mvua ya mawe. Na Wambeti, ambaye miaka yote alikuwa anasikiliza hadithi hizo akiwa karibu na mlango, safari hii alikaa katikati. Jioni akiosha vikombe alihesabu: kumi na moja. Hakuwahi kuosha vikombe kumi na moja siku moja tangu matanga ya mumewe.

Maji yakaanza kuwa na rangi ya chai.

Siku ya kumi Wambeti aliona nyuzi kwenye kioo. Alidhani ni za cherehani. Akapitisha kidole kwa nje. Uzi mmoja ukageuka ukaenda upande mwingine. Alikuwa mnyoo, mweupe, mfupi kuliko punje ya mchele, mwenye kichwa cha pembe tatu kama cha mshale, na alikuwa anateleza bila mguu wala haraka, kama mtu aliyelipiwa kodi ya nyumba. Wambeti alitazama vizuri. Walikuwa kila mahali, wengi zaidi kule chini kulikolala mabaki ya chakula. Na kwenye jani moja, watatu walikuwa wamejizungushia kwenye samaki mdogo. Macho ya samaki yule yalikuwa bado meusi, lakini hakutikisika.

Akahesabu kwa sindano. Thelathini na sita.

Kuna neno ambalo Wambeti aliwahi kulisikia, akiwa bibi harusi wa mwaka wa nne, nyuma ya ukuta wa jiko la watu. Waliolisema hawakujua yupo. *Nyumba ile haishiki mtoto.* Hakuwahi kulirudia kwa mtu, hata kwa marehemu mumewe. Sasa aliona jinsi lingerudi lenyewe, likizunguka soko kwa huruma na kutikisa vichwa: hata samaki, jamani, hata samaki.

"Haitakuwa," akawaambia minyoo. Akachukua wembe wa kufumulia nguo.

Huko mashambani mdudu anayekata mahindi hutafutwa mchangani akakatwa vipande viwili, na mambo yanaisha. Wambeti alifanya hivyohivyo. Alipitisha wembe kwenye kioo juu chini, akakata, akakwangua, asubuhi nzima, akasahau majoho ya watu. Alilala ameridhika. Siku chache baadaye walikuwa wamezidi mara mbili. Mnyoo wa aina ile ukimkata, kichwa kinaota mkia, mkia unaota kichwa, na wote wawili wanarudi kukuuliza chakula cha jioni ni nini. Ukiwakata zaidi wanafanya uchaguzi na kukuwekea diwani.

Akavuka barabara kwenda kwa Misheck, mwenye duka la dawa za mifugo. Misheck alikuwa mrefu na mpole, mtu ambaye alimaliza sentensi zake kesho yake.

"Nipe dawa ya minyoo," Wambeti akasema.

"Ya mbuzi... ama ya ng'ombe?"

"Ya watoto."

Misheck akaweka kalamu chini. "Watoto wa miaka mingapi?"

"Siku kumi na tatu."

"Wako wangapi?"

"Jana walikuwa thelathini na wanne."

Misheck akavaa kofia yake, akamfuata mpaka kibandani. Aliinama mbele ya kioo. Akatia kidole majini, akakinusa.

"Auntie Wambeti. Hii ni supu."

"Ni maji yao."

"Unawalisha mara ngapi?"

"Mimi? Mara mbili. Kidogo tu."

"Na wengine?"

Wambeti akaanza kunyoosha kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo.

"Hawa walikuja na majani uliyotoa mtoni," Misheck akasema polepole. "Pengine walikuwa watano, sita. Wangebaki hao hao. Lakini samaki hawa, tumbo la mmoja halifikii punje ya mtama. Wanakula chembe, kinachobaki kinashuka chini, kinaoza, na huyu mnyoo anashiba na kuzaa. Akiwa mwingi hivi anageukia watoto. Hao unaowaona ni minyoo wa uji."

"Basi nipe dawa niwamalize."

"Dawa ya mbuzi ninayo. Kipimo cha mbuzi nakijua. Cha sanduku la maji sikijui, na nisichokijua siuzi. Nitakwambia cha kufanya, lakini utaanza na kufunga mlango. Siku kumi asiingize mtu chakula humu. Hata chembe; watakula ule ukijani ulioota kwenye majani."

"Mlango huo," Wambeti akasema, "huujui wewe."

Yale mengine aliyoambiwa aliyafanya siku hiyo hiyo. Alichukua kichupa cha vidonge, akapasha sindano moto, akatoboa kifuniko matundu madogo ya kumpitisha mnyoo bila kumpitisha samaki. Akanunua ini la mbuzi, kipande cha ukubwa wa ukucha, akakitia ndani, akakizamisha kichupa mpaka chini. Na kwa kuwa minyoo wale hupenda giza, na yeye usiku ni mtu wa kulala, aliamua kuwashonea usiku wao. Kulikuwa na bitana nyeusi iliyobaki kwenye majoho ya kwaya. Akapima kioo kama anavyopima mteja, begani, kiunoni, akashona kifuniko chenye pindo mbili na mfuko wa kuingizia mkono. Saa tano mchana, jua likipasua mawe nje, ndani ya kioo kulikuwa na giza totoro.

Saa kumi alasiri alitoa kichupa. Ini halikuonekana. Palikuwa na tambi tupu, zinazojipinda. Wambeti akazimwaga mbele ya kibanda, na jua la Gachoka likamaliza kesi kabla kuku hajafika. Akabadilisha maji theluthi moja kwa maji yaliyokuwa yametulia kwenye ndoo ya pili, si ile ya bwana na bibi. Kesho yake akatega tena. Walipungua, aliwaona kwa macho yake wakipungua.

Siku ya tatu ya mtego Mama Njuki akaingia na kibuyu.

"Wamelala," Wambeti akasema upesi, akisimama mbele ya meza. "Nimewafunika."

"Mtoto halali na njaa!" Mama Njuki akamzunguka, akainua bitana, na kidole cha uji kikaingia majini mara tatu kabla Wambeti hajapata neno. Utasemaje? Chakula cha mzazi hakikatazwi. Ukimrudisha mwenye kibuyu umemwambia mkono wake una sumu. Na zaidi ya hayo, Wambeti aliogopa kitu kimoja ambacho hakukisema hata kwa cherehani: akifunga mlango siku kumi, je, siku ya kumi na moja kuna mtu atakayekumbuka kuufungua?

Akamshukuru Mama Njuki. Akamwaga chai vikombe viwili. Keshoye akahesabu. Thelathini na mmoja.

"Na Jumamosi tunakuja wote," Mama Njuki alikuwa amesema akitoka. "Chama kizima. Na sufuria."

Jumamosi walionekana kutoka mbali, wanawake kumi na wawili wamejipanga njiani, vitambaa vyeupe kichwani, wanaimba wimbo wa kumpokea mtoto. Sufuria ilibebwa na wawili kwa mti. Walisema baadaye kwamba harufu ya njahi ile iliamsha mzee mmoja huko Kiritiri aliyekuwa ameshaagwa na familia yake. Wambeti aliweka kigoda mlangoni, akakikalia. Kichupa kilikuwa ndani ya kiganja chake.

"Songa, mzazi, tuingie!"

"Hamwingii," Wambeti akasema.

Wimbo ukafa mstari kwa mstari, wa mwisho akiwa Mama Mutegi ambaye hasikii vizuri.

"Sema tena," Mama Njuki akasema.

"Mtaingia. Chakula hakiingii." Sauti yake ilianza kukatika, akaishona papo hapo. "Wanakufa, Mama Njuki. Walikuwa arobaini na watatu, sasa ni thelathini na mmoja. Nimeona haya kuwaambia. Miaka yote nimewaletea nyinyi, na siku mmeniletea mimi, nitawaambiaje basi?"

Mama Njuki alikuwa ameshika kiuno. Uso wake ulikuwa umeanza kufunga, vile unavyofunga mtu akipigwa mbele ya wenziwe. "Kwa hiyo uji wangu unaua watoto."

"Nipe mkono."

"Nini?"

"Nipe mkono, wewe mwanamke!"

Wambeti akamwinamishia kichupa kiganjani. Mama Njuki akaona kile kitonge cheupe kikijinyoosha, kikifunua vichwa vya pembe tatu, ishirini, thelathini, vinatafuta njia kati ya vidole vyake. Akapiga yowe. Siku hiyo punda watatu walikata kamba na mmoja hajarudi mpaka leo.

"NI NINI HIVI?"

"Hao ndio waliokula uji wako. Watoto hawakuonja. Tumbo lao ni dogo kuliko kichwa cha sindano. Hawa wakala, wakanenepa, wakazaa, wakawageukia wale."

Mama Njuki alikuwa anaukung'uta mkono kama aliyeshika kaa la moto. Kisha akausimamisha. Akatazama ardhini pale minyoo walipokuwa wanakauka, akamtazama Wambeti, akatazama sufuria.

"Mwezi mzima," akasema kwa uchungu mkubwa, akisahau kwamba wiki tatu hazijatimia, "mwezi mzima naamka alfajiri kusaga mawele, kumbe nalisha wezi! Na uji ule nilitia maziwa!"

Mama Mutegi ndiye aliyecheka kwanza. "Mimi niliwatafunia," akasema. "Nimemtafunia mnyoo, na bwana yangu mgonjwa nilikataa kumtafunia." Kukawa hakuna aliyesimama wima tena.

Walipopata pumzi, mmoja akauliza sufuria ifanywe nini, maana chakula cha mtoto hakirudi kilikotoka.

"Kwani mtoto mchanga ndiye hula njahi?" Mama Njuki akauliza. "Tangu lini? Mlipozaa nyinyi, nani alipikiwa? Nani alikula?"

"Mzazi," wakasema.

"Basi mzazi si huyu hapa ametukalia mlango?"

Wakamwondoa kwenye kigoda, wakamtandikia mkeka katikati ya kibanda, kati ya mabaki ya vitambaa. Wakampakulia. Wambeti alisema ametosheka, wakamwambia mzazi hatosheki. Akasema mkono umechoka, Mama Njuki akachukua kijiko. Miaka hamsini na saba, miwani puani, sentimita ya kupimia shingoni, analishwa njahi kama msichana aliyejifungua jana; na machozi yakimshuka akadai ni pilipili. Njahi ile haikuwa na pilipili. Hakuna aliyembishia.

Kwa siku kumi chama kilimlinda. Waliendelea kuja, wawili wawili, na kila aliyevuka kizingiti alikung'utwa mifuko na Mama Njuki kama mfungwa. Kwa kioo ilikuwa ni kutazama tu. Vibuyu vilikwenda kwa mama. Wambeti aliongezeka kilo nne na ikambidi ajifumulie gauni. Mtego ulitoka na kumi, ukatoka na watatu, ukatoka na ini lake zima kama lilivyoingia. Maji yakaonyesha upande wa pili.

Siku hiyo ya kumi Wambeti alihesabu kwa sindano mbele ya mashahidi. Waliobaki walikuwa ishirini na tisa, na madume yalikuwa yameanza kupata rangi mkiani. Mama Njuki alitoka nje, akatazama upande wa soko, akajaza kifua.

"Mama Ishirini na Tisaaa!"

Wambeti alikuwa anatia uzi kwenye sindano. "Eeh?" akaitika. Baadaye ndipo akasikia alichokiitikia.

Alasiri, akipunguza majani, wa thelathini alijitokeza nyuma ya shina, mnene, ameringa, kama aliyekuwa safarini. Wambeti akavuka kwenda kumwambia Mama Njuki. Mama Njuki akakataa katakata. Jina likishatangazwa sokoni halibadilishwi, akasema. Huyo wa thelathini na aitwe mjukuu.